Kemia ya Nuru na Mnyambuliko wa Vitenzi

Yako majibu ambayo mwalimu huyatoa darasani kwa pumzi moja, kisha yakamfuata kwa miaka mingi. Sisi tunalo moja la namna hiyo. Mnamo mwaka 2004, tulipokuwa bado wageni katika kazi ya ualimu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alisimama katika kipindi cha Kiswahili akauliza kwa nini somo la kemia lisifundishwe kwa lugha hii. Tulimjibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo, tukamwambia aketi na afungue ukurasa wa ngeli za majina. Darasa likacheka. Wakati ule hapa Uganda walikuwako wengi walioiona lugha hii kuwa ya kambini na sokoni tu, na sisi tuliokuwa tukiifundisha ndio tuliokuwa na wajibu wa kuwapinga. Badala ya kuwapinga tuliwaunga mkono, tena mbele ya watoto.

Mwanafunzi yule sasa ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Mwezi Mei mwaka 2023 alitujia nyumbani akiwa na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono. Kwa kuwa UNESCO iliitangaza mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, shule yake ilikusudia kuiadhimisha, naye aliombwa atoe mhadhara mfupi wa sayansi kwa Kiswahili. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, kisha akaziweka karatasi mezani. "Nimejaribu kuandika. Naomba unisahihishie lugha tu. Kemia niachie mwenyewe." Tulikubali upesi kuliko alivyotarajia, maana tulijua kwamba tunadaiwa, ingawa yeye hakulitaja deni hilo.

Mada aliyoichagua ilitutisha kidogo: namna wanakemia wanavyotumia nuru ionekanayo kwa macho kugeuza asidi kaboksili kuwa halidi za alkili. Tulimwomba kwanza atueleze jambo lenyewe kwa mdomo, bila karatasi, kama anavyomweleza mtu wa nyumbani. Akaanza jikoni. Siki ina asidi kaboksili. Maziwa yaliyoganda yana nyingine. Ndimu ina nyingine. Mafuta ya nazi ya pwani na mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda, yakichemshwa na magadi kwa ajili ya sabuni, hutoa chumvi za asidi za jamaa hiyo hiyo, zenye minyororo mirefu ya kaboni. Kila moja ya asidi hizo ina kichwa kimoja cha namna moja: atomi ya kaboni iliyoshikana na oksijeni mbili, na mojawapo ya oksijeni hizo imeshikana na hidrojeni moja. Kichwa hicho ndicho kiitwacho kaboksili, na ndicho kinachozipa uchachu wake.

Halidi ya alkili nayo ni mnyororo wa kaboni ambao mahali fulani umeshikana na atomi ya halojeni, yaani florini, klorini, bromini au iodini. Watengenezaji wa dawa wanaithamini kwa sababu bromini na iodini, na klorini pia, huachia nafasi yake bila taabu kubwa, na mahali pake pakaweza kuunganishwa kipande kingine cha molekuli. Florini haiachii kirahisi hivyo, lakini hutafutwa kwa sababu huweza kuifanya dawa idumu zaidi mwilini kabla ya kuvunjwavunjwa. Asidi ni nyingi na za bei nafuu. Halidi nyingi ni za taabu kuzipata. Basi mtu akiweza kukiondoa kichwa cha kaboksili na kuweka halojeni mahali pake, amejirahisishia kazi kubwa.

Jambo hili si geni. Aleksandr Borodin wa Urusi, ambaye walimwengu wanamjua zaidi kwa muziki wake kuliko kwa kemia yake, alieleza mnamo 1861 jinsi chumvi ya fedha ya asidi ya siki ilivyotoa bromidi ya methili ilipokutanishwa na bromini. Hesabu yake ni nyepesi: asidi ya siki ina kaboni mbili, moja huondoka na hewa ukaa, moja hubaki na bromini. Mke na mume wa Kijerumani, Cläre na Heinz Hunsdiecker, waliiendeleza njia hiyo, wakachapisha habari zake mwaka 1942, na hadi leo hujulikana kwa jina lao. Hata hivyo njia yenyewe ni kali. Hutaka fedha, hutaka bromini ambayo huunguza ngozi na mapafu, na chumvi ile isipokuwa kavu kabisa kazi huharibika. Waliokuja baadaye walijaribu zebaki na risasi, nazo ni sumu. Molekuli yenye sehemu dhaifu haikuweza kuvumilia mapishi ya namna hiyo.

Hapo tulimwuliza mwanafunzi wetu nuru inaingiaje. Akatutajia Giacomo Ciamician, mwanakemia wa Bologna nchini Italia, aliyekuwa akipanga chupa zake juani kwenye roshani ya chuo na kungoja siku na miezi aone jua limefanya nini. Mwaka 1912, katika hotuba aliyoitoa New York, Ciamician alitabiri viwanda visivyo na moshi, vitakavyotumia jua mahali pa makaa. Shida iliyobaki ni kwamba asidi hizi hazina rangi. Nuru ionekanayo huzipitia kama inavyopita kwenye kioo cha dirisha, na nuru isiyoshikwa haifanyi kazi. Kwa hiyo kwa miaka mingi watu walilazimika kutumia miali mikali isiyoonekana, ambayo huweza kuvunja hata visivyotakiwa kuvunjwa.

Dawa ya shida hiyo ni kutafuta kitu cha tatu chenye rangi, kinachoishika nuru kwa niaba ya asidi. Misombo fulani ya metali za rutheniamu na iridiamu ina sifa hiyo. Mwaka 2008 vikundi viwili nchini Marekani, kimoja cha David MacMillan huko Princeton na kingine cha Tehshik Yoon huko Wisconsin, vilionyesha kwamba misombo hiyo yaweza kuendesha kazi za ujenzi wa molekuli kwa taa za kawaida. Mnamo 2014 na 2015 watafiti walikwisha kubadilisha kaboksili kwa florini kwa njia hiyo. Mwaka 2016 kikundi cha Frank Glorius huko Münster, Ujerumani, kikaeleza namna ya kupata bromidi, kloridi na iodidi, kwa kiasi kidogo tu cha msombo wa iridiamu, chini ya taa za LED za rangi ya buluu, bila moto mkali wala fedha wala zebaki. Taa zenyewe zina historia yake: waliozivumbua, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Maelezo ya mdomo yalikuwa mazuri. Tukazichukua karatasi. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza, na hapo ndipo tulipojifunza jambo tunalotaka kuwasimulia walimu wenzetu.

Kiini cha mhadhara kilikuwa sentensi moja ndefu aliyoifasiri neno kwa neno kutoka kitabu cha Kiingereza. Alikuwa ameandika: "Nuru inapowashwa, elektroni inaondolewa, hewa ukaa inabanduliwa na halojeni inabandikwa." Kwa sarufi ya mtihani sentensi hiyo haina kosa, vitenzi vyote vitatu viko katika kauli ya kutendwa, na upatanisho wa ngeli umekaa sawa. Lakini mzoefu wa Kiswahili akiisikia kauli ya kutendwa huuliza mara moja: na nani? Tukamwuliza hivyo. "Elektroni inaondolewa na nani?" Akajibu bila kusita kwamba inaondolewa na kichocheo, ule msombo wa iridiamu, baada ya kuishika nuru. "Inaondolewa tu, au inachukuliwa kwa nguvu?" Akafikiri, akasema kwa nguvu, kwa sababu msombo ukisha kumeza nuru huwa na uchu wa elektroni usiokuwa nao gizani. Basi tukaandika kwamba asidi inapokonywa elektroni na kichocheo.

Tukaendelea. "Na hewa ukaa inabanduliwa na nani?" Hapo alinyamaza. Alisema labda ni kichocheo hicho hicho. Kisha akasema labda ni nuru. Kisha akazikunja karatasi, akasema, "Mwalimu, nipe wiki moja." Akaondoka.

Alirudi baada ya siku tano, uso umechangamka. Alikuwa amesoma tena maelezo ya watafiti kwa makini. "Hakuna anayeibandua," alisema. "Asidi ikisha kupoteza elektroni yake haiwezi tena kukishikilia kile kichwa. Hewa ukaa hutoka yenyewe." Tukamwambia kwamba ikiwa ni hivyo, Kiswahili kina kauli yake tangu zamani. Bandika tukaitendua tukapata bandua. Bandua ikichukua kauli ya kutendeka huwa banduka. Plasta iliyobanduliwa ukutani ina mtu aliyeibandua. Iliyobanduka imebanduka kwa kuchoka kwake. Mtoto wa miaka minne aliyezaliwa na lugha hii hakosei: anapovunja kikombe humwambia mama yake kwamba kimevunjika, naye mama hujua vizuri kwa nini mtoto ameichagua kauli hiyo. Basi hewa ukaa hubanduka.

Kikabaki kitenzi cha tatu. Safari hii hatukuuliza sisi, aliuliza mwenyewe. Halojeni inabandikwa na nani? Akaeleza kuwa mnyororo uliopoteza kichwa hubaki na elektroni moja isiyo na mwenziwe, na kitu cha namna hiyo, kiitwacho radikali, hakitulii. Katika chupa imewekwa pia molekuli nyingine iliyobeba halojeni. Radikali hiyo huifuata molekuli ile na kuinyang'anya halojeni yake. Kwa hiyo hakuna mbandikaji wa tatu; mnyororo hujinyakulia halojeni. Na mabaki ya molekuli iliyonyang'anywa? Hayo nayo hubaki pungufu, na kichocheo huyakabidhi ile elektroni kilichoipokonya asidi mwanzoni, kikarudi katika hali yake ya awali, tayari kushika nuru tena.

Sentensi yetu ya mwisho ilikuwa hivi: "Kichocheo kikisha kuishika nuru, huipokonya asidi elektroni moja, hewa ukaa hubanduka, mnyororo uliobaki hujinyakulia halojeni, na kichocheo huikabidhi ile elektroni kwa mabaki ya molekuli iliyonyang'anywa halojeni hiyo." Imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, lakini msikilizaji akiisikia anajua nani amefanya nini, kipi kimetendwa na kipi kimetukia chenyewe. Mwanafunzi wetu alituambia kwamba ameifundisha mimenyuko ya aina hii kwa miaka kadhaa kwa Kiingereza, akiandika mishale ubaoni, na kwamba hakuwahi kujiuliza maswali yale matatu. Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Sisi sote wawili tulikuwa miongoni mwao, yeye kwa upande wa kemia na sisi kwa upande wa lugha, maana tumefundisha kauli za vitenzi kwa miaka ishirini kwa mifano ya vikombe na milango bila kufikiri kwamba zina kazi katika chupa ya mkemia.

Majina yalitupa kazi nyingine, ingawa nyepesi. Alikuwa ameandika "tindikali" kila mahali. Tukamshauri atumie "asidi," kwa sababu siku hizi msikilizaji akisikia tindikali huona mtu aliyemwagiwa usoni, wala haoni ndimu. Maneno kama halidi, alkili, kaboksili na radikali tuliyaacha yaingie kama wageni wengine walivyoingia, tukiyapa silabi zetu na ngeli zetu. Lugha iliyokwisha kupokea meza, shule na sabuni haiwezi kudhurika kwa hayo manne. Kwa ile elektroni isiyo na mwenziwe yeye mwenyewe alibuni jina la "kapera," na tuliliruhusu liwepo katika mhadhara ijapokuwa halifai kamusini.

Neno lililotusumbua ni lile la kazi ya kichocheo. "Kichocheo" lenyewe ni zuri. Mpishi achocheaye moto husogeza kuni, moto ukapamba, naye mpishi haungui. Kadhalika kichocheo cha kemia huhimiza kazi na kubaki kilivyokuwa. Lakini alipobandika tangazo la mhadhara kwenye ubao wa shule lenye maneno "Uchochezi wa Nuru," mwenzake mmoja alimvuta kando akamwuliza kwa sauti ya chini kama mkutano huo una kibali. Tangazo likabanduliwa, tena na mtu anayejulikana, likaandikwa upya kuwa "Kichocheo Kipokeacho Nuru." Tumelisimulia jambo hili kwa kicheko, lakini lina funzo: istilahi haikai peke yake, huketi karibu na jamaa zake wote, na mwalimu wa lugha ndiye awajuaye jamaa hao.

Ingefaa pia tuseme kwamba tulimwomba asiisifu njia hii kupita kiasi. Iridiamu ni miongoni mwa metali adimu kabisa katika gamba la dunia. Molekuli ibebayo halojeni haiokotwi njiani; nayo hutengenezwa kwanza kwa gharama yake. Hewa ukaa hutolewa pale pale. Ndiyo maana watafiti wanatafuta vichocheo vya rangi zisizo na metali, na vya metali zilizo nyingi kama chuma. Ndoto ya Ciamician ya viwanda vya jua haijatimia. Kilichopatikana ni njia ya upole ya kufanya jambo ambalo zamani lilitaka ukali. Mwanafunzi wetu aliyaweka haya yote katika karatasi ya nne.

Tarehe 7 Julai tulikaa safu ya nyuma. Baada ya ngonjera na nyimbo alipanda jukwaani akiwa na chupa ya siki mkono wa kulia na taa ndogo ya buluu mkono wa kushoto, akasema kwa dakika ishirini na tano. Alipofika kwenye ile sentensi aliisema mara mbili, taratibu. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili alipoinua mkono akauliza: kama hewa ukaa hubanduka yenyewe, mbona siki iliyomo chupani mwake haitoi hewa hiyo sasa hivi, na taa imewashwa? Mwalimu wake akamjibu kwamba siki haijapokonywa elektroni, kwa kuwa hakuna cha kuipokonya; taa pekee haitoshi. Msichana akaketi, akaandika. Swali lile lilizaliwa na kauli ya kutendeka.

Tulipokuwa tukisindikizana kwenda kituo cha mabasi tulimkumbusha mwanafunzi wetu siku ile ya mwaka 2004, tukamwomba radhi kwa jibu tulilompa. Alitembea kidogo bila kusema. Kisha akasema, "Swali silikumbuki vizuri, Mwalimu. Ninachokikumbuka ni kicheko." Hakusema kwa uchungu, na baadaye tulizungumza habari nyingine mpaka basi likaja. Lakini neno lile tulirudi nalo nyumbani.

Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wanafunzi watakuja wengi, na mmoja wao atasimama kuuliza swali lile lile. Tunapenda kuwashauri walimu wenzetu wasimjibu kuhusu maneno, yawepo au yasiwepo. Na amwombe mwalimu wa kemia karatasi moja, waketi pamoja yeye na mtoto, na kila wafikapo kwenye kitenzi waulize ni nani atendaye, ni nini kitendwacho, na ni kipi kitukiacho chenyewe. Sisi tumekwisha kumwomba mwalimu wetu wa kemia atupe mada nyingine kwa ajili ya mwaka ujao. Amesema itahusu kutu, nasi tumeanza kujiuliza kama chuma hula, huliwa, au hulika.